Kupoteza kazi Afrika Kusini: haki, muda na nyaraka

Kifungu cha 23 cha Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Haki hiyo haiishi siku mfanyakazi anapoambiwa asirudi tena kazini, kwa kuwa sheria za nchi hiyo zinamlinda pia wakati wa kuachishwa na katika miezi ya kukaa bila ajira. Ulinzi huu ni jambo zito katika nchi ambayo kiwango rasmi cha ukosefu wa ajira kimekuwa juu ya asilimia 30 tangu mwishoni mwa 2020. Anayepoteza kazi leo anaweza kusubiri muda mrefu kabla ya kupata nyingine, na fedha anazostahili ndizo chakula cha nyumba nzima.

Haki hizo zina masharti mawili yanayowaangusha wengi. La kwanza ni muda: malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yana siku 30 tu, na dai la fao la ukosefu wa ajira lina miezi 12. La pili ni nyaraka, hasa zile zinazoeleza kazi ilikwishaje.

Nani analindwa

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 1995 inamlinda karibu kila mwajiriwa, isipokuwa askari wa jeshi la ulinzi na watumishi wa usalama wa taifa. Mfanyakazi wa nyumbani, wa shambani, wa dukani, wa kibarua na aliye katika kipindi cha majaribio wote wamo. Mkataba wa maandishi si sharti. Mtu anayepangiwa saa za kazi, anayetumia vifaa vya mwajiri na anayepokea maagizo yake anaweza kuthibitisha ajira kwa ujumbe wa simu, taarifa ya benki au ushahidi wa wenzake.

Wageni nao wamo. Mwaka 2008, katika shauri la Discovery Health, Mahakama ya Kazi iliamua kwamba mgeni aliyekuwa akifanya kazi baada ya kibali chake kuisha bado ni mwajiriwa mbele ya sheria, na anaweza kulalamika akiachishwa isivyo haki. Uamuzi huo unawagusa moja kwa moja Watanzania, Wakongo na Waafrika Mashariki wengine wanaofanya kazi Johannesburg, Durban na Cape Town. Hata hivyo, asiye na kibali asitegemee sana kurudishwa kazini. Anachoweza kutarajia zaidi ni fidia.

Kuachishwa kwa haki na kuachishwa kusiko haki

Sheria inakubali sababu za aina tatu za kumwachisha mtu kazi: utovu wa nidhamu, kushindwa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au uwezo mdogo, na mahitaji ya shughuli za mwajiri, kama vile biashara kudorora au mitambo mipya kuchukua nafasi za watu.

Sababu peke yake haitoshi, utaratibu nao lazima ufuatwe. Anayetuhumiwa kwa utovu wa nidhamu aelezwe tuhuma zake, apewe muda wa kujiandaa, ajieleze, na aruhusiwe kusaidiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwajiri anayemfukuza mtu getini kwa hasira, hata kama kosa lilikuwepo, anaweza kukutwa amevunja sheria.

Zipo sababu ambazo hazikubaliki kabisa: ujauzito, uanachama wa chama cha wafanyakazi, kushiriki mgomo halali, kutoa taarifa za uovu kazini kwa njia inayolindwa na sheria, na ubaguzi wa rangi, jinsia, dini au hali nyingine ya mtu. Kwa makosa haya fidia inaweza kufikia mshahara wa miezi 24. Kwa kuachishwa isivyo haki kwa namna nyingine, kikomo ni mshahara wa miezi 12.

Mfanyakazi ana wajibu wa kuthibitisha jambo moja, kwamba aliachishwa. Akishalithibitisha, ni mwajiri anayepaswa kuonyesha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa vya haki.

Kupunguzwa kazi na malipo ya mwisho

Mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi anabanwa na kifungu cha 189 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi. Anatakiwa kuwaandikia wahusika na kujadiliana nao kabla ya kufikia uamuzi: kwa nini anapunguza, njia gani nyingine zimefikiriwa, nani ataondoka na kwa vigezo gani, na kila mmoja atalipwa nini. Kikao cha kutangaziwa majina yaliyokwisha kuchaguliwa si majadiliano.

Kiasi cha chini cha malipo kimewekwa na Sheria ya Masharti ya Msingi ya Ajira ya 1997. Notisi ni wiki 1 kwa aliyefanya kazi miezi 6 au pungufu, wiki 2 kwa aliyezidi miezi 6 lakini hajatimiza mwaka, na wiki 4 kwa aliyetimiza mwaka. Wafanyakazi wa nyumbani na wa mashambani hupata wiki 4 mara wanapovuka miezi 6. Siku za likizo ya mwaka ambazo hazikuchukuliwa hulipwa kwa fedha. Aliyepunguzwa hupata pia kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka kamili wa kazi, isipokuwa kama amekataa bila sababu ya msingi kazi nyingine aliyotafutiwa.

Hesabu yake ni rahisi. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 ili kupata wa wiki. Anayelipwa randi 6,500 kwa mwezi ana mshahara wa wiki wa randi 1,500. Akipunguzwa baada ya miaka 6 na miezi 8, miaka kamili ni 6, hivyo kiinua mgongo chake hakipungui randi 9,000. Asipopewa muda wa notisi, anadai randi 6,000 nyingine za wiki 4, na malipo ya likizo juu yake. Kwa kulinganisha, sheria ya Tanzania hulipa siku 7 kwa kila mwaka lakini huishia kwenye miaka 10. Afrika Kusini haina kikomo hicho.

Siku ya mwisho mwajiri anatakiwa pia kutoa cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi iliyofanywa, tarehe za kuanza na kumaliza, na mshahara wa mwisho.

Karatasi isiyofaa kusainiwa kwa haraka

Waajiri wengine humwekea mfanyakazi mezani barua ya kujiuzulu wakimwambia kwamba akisaini ataondoka kwa heshima na atalipwa upesi. Barua hiyo ina madhara makubwa. Aliyejiuzulu hakuachishwa, hivyo mlango wa malalamiko unakuwa mgumu kufunguka, na Mfuko wa Bima ya Ukosefu wa Ajira haumlipi aliyeacha kazi kwa hiari. Mwenye kulazimishwa hivyo ana haki ya kukataa, kuomba nakala na kutafuta ushauri kwanza. Aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri aliifanya kazi isivumilike anaweza kudai kwamba hali hiyo ni sawa na kuachishwa, ila ni yeye anayebeba mzigo wa kuithibitisha.

Kupeleka malalamiko CCMA

Chombo kikuu cha migogoro hii ni Tume ya Usuluhishi, Upatanishi na Uamuzi, ijulikanayo kwa kifupi CCMA. Mtanzania aliyewahi kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ya nyumbani atautambua mwendo wake, maana sheria za kazi za Tanzania za 2004 zilifuata mfano huo kwa mambo mengi. Sekta zenye baraza lao la majadiliano hupeleka mashauri yao kwenye baraza hilo.

Mlalamikaji hujaza fomu LRA 7.11, humpa mwajiri nakala, kisha huipeleka CCMA pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipata. Hakuna ada. Yote haya yafanyike ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Aliyechelewa huomba kusamehewa, akieleza amechelewa siku ngapi, kwa nini, na kwa nini shauri lake lina nguvu. Ombi hilo linaweza kukataliwa, hivyo ahadi za mwajiri za kulimaliza jambo nyumbani zisiachwe zizile siku hizo 30.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambapo kamishna huwasaidia wawili hao kupatana. Mawakili hawaruhusiwi hapo, na mfanyakazi anaweza kusimama mwenyewe au na kiongozi wa chama chake. Wasipopatana, kamishna hutoa cheti, na mlalamikaji ana siku 90 za kuomba shauri liamuliwe. Mara nyingi hatua zote mbili hufanyika siku moja, kwa hiyo mashahidi na nyaraka viwe tayari tangu mwanzo. Mashauri ya sababu zisizokubalika kabisa, kama ujauzito, huenda Mahakama ya Kazi usuluhishi ukishindikana.

Kamishna anaweza kuamuru mfanyakazi arudishwe kazini, aajiriwe upya au alipwe fidia. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 14 baada ya usikilizwaji kumalizika. Mwajiri asipoutii, CCMA huuthibitisha na ukapata nguvu ya amri ya mahakama. Asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama ya Kazi.

Fao la ukosefu wa ajira

Mfuko wa Bima ya Ukosefu wa Ajira, UIF, unaendeshwa chini ya sheria ya 2001. Mfanyakazi huchangia asilimia 1 ya mshahara na mwajiri asilimia 1, kwa mshahara usiozidi randi 17,712 kwa mwezi. Wafanyakazi wa nyumbani waliingizwa Aprili 2003. Wageni wenye mikataba ya muda, waliokuwa wameachwa nje, waliingizwa Machi 2018. Anayefanya kazi chini ya saa 24 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja hahusiki.

Fao hulipwa aliyeachishwa, aliyepunguzwa, aliyemaliza mkataba, na ambaye mwajiri wake amefilisika au, kwa mfanyakazi wa nyumbani, amefariki. Mfanyakazi wa nyumbani mwenye waajiri kadhaa anaweza kudai akipoteza mmoja wao, na aliyepunguziwa saa za kazi anaweza kudai sehemu ya kipato kilichopotea.

Kila siku 4 za kazi huzaa siku 1 ya fao, hadi siku 365 kwa aliyechangia miaka 4. Aliyefanya kazi miaka 2 mfululizo ana takriban siku 182. Malipo ni kati ya asilimia 38 na 60 ya mshahara, na mwenye mshahara mdogo hupata asilimia kubwa zaidi. Baada ya siku 238 kiwango hushuka hadi asilimia 20.

Dai hupelekwa ndani ya miezi 12 kwenye kituo cha Wizara ya Ajira na Kazi au kupitia mtandao wa uFiling. Fomu inayoamua mambo ni UI-19, ambayo mwajiri hujaza tarehe za ajira, mshahara na sababu ya kazi kuisha. Mwajiri akiandika kwamba mfanyakazi amejiuzulu ilhali amefukuzwa, dai hukwama. Mfanyakazi aisome kabla ya kuondoka na kudai irekebishwe. Mwajiri aliyekata michango bila kuiwasilisha, au aliyekataa kutoa fomu, aripotiwe kwa mkaguzi wa kazi, na hati za mshahara zenye makato ndizo ushahidi.

Asiyewahi kuajiriwa

UIF haiwafikii vijana ambao hawajawahi kuchangia, na hao ni wengi mno. Kwa watu wazima wa miaka 18 hadi 60 wasio na kipato, kuna ruzuku ya dharura inayotolewa na SASSA, wakala wa serikali wa hifadhi ya jamii, iliyoanza Mei 2020 kwa randi 350 kwa mwezi na kuwa randi 370 tangu Aprili 2024. Kikomo cha kipato ni randi 624 kwa mwezi. Baada ya uamuzi wa mahakama wa Juni 2020, waomba hifadhi wenye vibali halali nao waliruhusiwa kuiomba. Ruzuku hiyo imekuwa ikiongezwa muda, hivyo mwombaji ahakikishe kwanza kipindi kilichopo.

Anayetafuta kazi hatakiwi kumlipa wakala wa ajira. Sheria ya Huduma za Ajira ya 2014 inakataza kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia ajira. Anayedai fedha ya usajili, ya usaili au ya kuhifadhi nafasi anavunja sheria na aripotiwe. Usajili katika huduma ya ajira ya serikali, kwenye vituo vya wizara, ni bure.

Mahali pa kupata msaada

Vituo vya Wizara ya Ajira na Kazi hupokea malalamiko ya mishahara, notisi na michango. Ofisi za CCMA huwasaidia walalamikaji kujaza fomu. Vyama vya wafanyakazi huwawakilisha wanachama wao, na Legal Aid South Africa huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Anayefika huko aende na kitambulisho au kibali, mkataba kama upo, hati za mshahara, barua ya kuachishwa, fomu UI-19 na tarehe kamili ya siku ya mwisho kazini, kwa sababu siku zote 30 zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo.