Somo, usimfunde biarusi bila kumtajia shingo

Tunamfunda biarusi udi, kanga, kauli njema na namna ya kumpokea mume. Shingo hatuitaji, maana nasi hatukufundwa. Lakini vijana, kuanzia Micheweni hadi Mkoani hapa Pemba, wameshafundwa na simu: wameona mwanamke anakabwa huku anacheka, wakadhani ndiyo mahaba.

Mtajie bila mafumbo. Mume asimkabe, hata kwa mzaha, na kukataa si kumkosea adabu. Mweleze sababu: mishipa ipelekayo damu kwenye ubongo imepita pembeni mwa shingo, karibu na ngozi. Ikibanwa, mtu huweza kuzirai ndani ya sekunde 10 hivi, na aliyezirai hawezi kusema "basi". Hakuna ukabaji wa salama, hata wenyewe wakiridhiana. Uingereza, sheria ya 2021 ilimfungia mlango anayemjeruhi mwenziwe vibaya kisha akajitetea kwamba huyo mwenziwe alikubali kwa ajili ya starehe.

Bwana harusi naye aambiwe, ila si na wewe. Mjomba wake, au mwalimu wake wa chuo, amwite kabla ya nikaha. Asianze kwa kumlaani. Kijana atakana na mazungumzo yatakufa hapohapo. Amuulize tu alichokiona, kisha amwambie yale ni maigizo ya kuuza.

Ukienda kumtazama biarusi fungateni, usimuulize "hujambo?" ukatosheka. Mkiwa peke yenu muulize, "Alikushika shingo?" Sikiliza sauti kama imekwaruza. Muulize kama anameza kwa shida, kichwa kinamuuma, kuna kitambo hakikumbuki, au alijikojolea. Tazama weupe wa macho kama una vidoa vyekundu. Shingo isiyo na alama isikudanganye: mshipa huweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye.

Akiwa na lolote katika hayo, hospitali siku hiyohiyo. Aseme "nilikabwa". Akisema "koo linaniuma" kwa kuona haya, atarudi na dawa ya mafindofindo. Kama alilazimishwa, aulizie kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Chake Chake au Wete, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana pamoja.

Watakwambia biarusi hatoki nje mpaka siku saba zitimie. Wewe ita gari.