Kibarua na Tasnifu: Maswali ya Mlangoni

Nimesimamia tasnifu za uzamivu kwa miaka mingi, na karibu kila niliyemsimamia alikuwa na kazi ya pembeni. Haya ndiyo wanayoniuliza mara kwa mara, wengi wakiwa wamesimama mlangoni, begi begani, wanawahi kipindi.

Shikamoo Mwalimu. Nifanye kazi saa ngapi kwa wiki ili tasnifu isikwame?

Marahaba. Idadi ya saa hainitishi sana. Nitakuuliza kwanza: kazi yenyewe inakuachia saa ngapi? Anayeuza kwenye duka la dawa jioni akishavua koti, kazi imebaki dukani. Anayefundisha kwa muda hurudi nayo nyumbani. Tufanye hesabu. Darasa lina wanafunzi 200, kila karatasi ya mtihani unaisahihisha kwa dakika 10. Hizo ni dakika 2,000, yaani zaidi ya saa 33, na mkataba wako unahesabu vipindi vya darasani tu. Bado hujajaza alama, bado hujasikiliza wanaolalamikia alama. Mwezi umekatika na sura ya tatu iko palepale.

Lakini nataka kuwa mhadhiri. Nikiacha kufundisha nitapata wapi uzoefu?

Sijasema uache. Chukua somo moja, na mwakani uombe lilelile. Mzigo uko katika maandalizi ya mara ya kwanza. Mwaka wa pili unarekebisha tu. Kinachowaangusha watu ni masomo matatu mapya katika vyuo viwili. Nilikuwa na mwanafunzi aliyefundisha Dar es Salaam na Morogoro wiki hiyohiyo, akaandika mapitio ya maandiko ndani ya basi. Nilipoisoma sura ile, kila aya ilikuwa inaanza safari upya. Tuliifuta karibu yote.

Jambo jingine: malipo ya kufundisha kwa muda yana tabia ya kuchelewa. Usiyapangie ada ya muhula huu.

Niko Uingereza kwa viza ya mwanafunzi. Wenzangu wa shahada ya kwanza wanafanya kazi kutwa wakati wa kiangazi. Na mimi?

Hapo tahadhari. Kikomo cha kawaida kwa mwanafunzi wa shahada ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Huwezi kufanya 30 wiki hii na 10 wiki ijayo ukasema zimelingana. Mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida hana likizo ya kiangazi. Muhula wake ni mwaka mzima, isipokuwa likizo aliyoidhinishiwa na chuo. Kujiajiri pia hakuruhusiwi, kwa hiyo zile tafsiri unazolipwa kama mfanyabiashara binafsi ziache. Usiige ya aliyeko Australia: kule mwanafunzi wa uzamivu akishaanza masomo hawekewi kikomo cha saa.

Nimfiche msimamizi kwamba nina kazi?

Usimfiche. Akijua, atakupangia tarehe unazoziweza. Asipojua, atakuona mvivu.

Miezi sita sijaandika chochote. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye sura, itakutisha. Chukua jedwali moja la data zako, au mahojiano mamoja, ueleze kwa kurasa mbili unachokiona. Tenga saa mbili za alfajiri, siku tatu za wiki, kabla mwajiri hajakutia mkononi. Jioni unabaki na makapi ya akili. Simu ilale chumba kingine. Muda ukiisha, katiza sentensi katikati, ili kesho usihangaike kutafuta pa kuanzia.

Kisha njoo ofisini Alhamisi, hata kama una ukurasa mmoja. Uchapishe kwenye karatasi, tafadhali. Kwenye simu sioni.