Siyu na Majira Yake: Bahari, Upepo na Mvua

Kenya ina eneo la takriban kilomita za mraba 580,000. Ndani yake kuna Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199, kuna jangwa la Chalbi, na kuna visiwa vya Lamu vilivyo nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta. Nchi ya namna hiyo haina hali moja ya hewa. Utabiri wa jumla unaosomwa redioni haumtoshi mtu wa Siyu anayetaka kujua lini asafiri, lini apande na lini asafishe tangi. Inambidi ayajue majira ya kwao.

Maji kujaa na kupwa

Siyu iko kaskazini mwa kisiwa cha Pate, kimoja cha visiwa hivyo vya Lamu, ndani ya mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Mkono huo hauna kina kirefu. Maji yakipwa, chombo hukaa topeni. Kwa hiyo ulizia maji kabla ya kuulizia nauli.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja saa hugeuka, na huwa maji mafu, ambayo hayapandi sana. Chombo chenye shehena nzito kinaweza kukwama hata maji yakiwa yamejaa. Hapo ni heri kuteremkia gati ya Mtangawanda na kumalizia safari kwa nchi kavu.

Mgeni asiyejua kipimo atazame mashina ya mikoko: alama ya tope humwonyesha maji yalifika wapi.

Kusi na kaskazi

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Ni majira ya joto na ukavu. Kusi huingia Aprili na huwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti, bahari ya nje ikichafuka. Wakati huo usipite nje ya visiwa kwa chombo kidogo, vaa jaketi la kuokolea, na sikiliza tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Kati ya pepo hizi mbili huwa maleleji, upepo hafifu usiotulia upande mmoja.

Mvua na kilimo

Nairobi hupata mvua nyingi zaidi mwezi wa Aprili. Huku kwetu kilele cha masika ni Mei, kusi inapoleta unyevu kutoka baharini. Vuli ya Oktoba na Novemba ni kidogo na haiaminiki. Tayarisha shamba Machi, na mbegu za chakula kikuu uzipande kwa masika.

Maji ya kunywa

Kisiwa hakina mto. Maji ya mvua hupenya mchangani na kwenye mawe ya matumbawe, kisha hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Uso wa maji hayo matamu ukishuka kwa mita 1, maji ya chumvi yanaweza kupanda kwa mita 40. Ndiyo maana kisima kinachovutwa kwa pampu kubwa huharibika. Teka kidogo kidogo, usichimbe kwenda chini zaidi ukitafuta maji matamu, na choo kiwe mbali, angalau mita 30.

Njia bora ni kukinga mvua. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 50 likipata milimita 20 hutoa lita 1,000, ukitoa kinachomwagika. Safisha bati, mifereji na jabia, yaani birika la maji ya mvua, kabla ya Aprili, mwaga maji ya mvua ya kwanza, funika tangi mbu wasizalie humo, na chemsha ya kunywa.

Mikoko

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Mizizi yake hushika tope, hupunguza nguvu ya mawimbi na huwapa samaki na kaa mahali pa kukulia. Mikoko ya kingo za mkono wetu isikatwe kabisa, na palipo wazi papandwe. Kingo zikibomoka, tope litaziba njia ya vyombo, na Siyu haina njia nyingine ya bahari inayofika mlangoni pake.