Parachuti Pana Kwanza, Kamera Baadaye: Vidokezo kwa Kijana wa Kihagara

Kihagara hakuna uwanja wa kurukia. Kijana wa kwetu, hapa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akitaka kuruka na parachuti kwa mchezo na si kwa jeshi, itambidi apande gari hadi Mbinga, ashike njia ya Songea na Makambako, akate kona Chalinze kuelekea Segera na Tanga, avuke mpaka Horohoro, ndipo afike Diani, pwani ya kusini ya Kenya, ambako ndege hupaa kutoka Ukunda na warukaji hutua mchangani. Mtu aliyesafiri hivyo hafiki na subira. Anafika na hela alizodunduliza kwa kahawa au kwa usipa, na simu iliyojaa video za watu wanaocheka mawinguni, naye anataka awe kama wao leo hii hii. Vidokezo hivi ni vyake, avisome kabla hajalipa.

1. Hesabu miruko, usihesabu ujasiri

Mruko wa kwanza wa watu wengi ni wa wawili: umefungwa mbele ya mkufunzi, na kazi yote anafanya yeye. Ni raha kubwa, lakini haujakufanya mrukaji. Hesabu yako inaanza pale unapoingia mafunzo ya kuruka na parachuti yako mwenyewe mgongoni. Kwa utaratibu wa chama cha warukaji cha Marekani, ambao sehemu nyingi duniani zinautambua, leseni ya kwanza, A, huanzia miruko 25. B ni 50. C ni 200. D ni 500. Nunua daftari. Andika kila mruko: tarehe, mahali, upepo, ukubwa wa parachuti, umetua umbali gani kutoka ulipokusudia. Muuzaji wa maana atakuuliza daftari hilo kabla ya kukuuliza bei uliyonayo. Asiyeuliza, muage kwa heshima uende zako.

2. Anza na mtumbwi mpana

Kwetu hakuna mzee anayemkabidhi mtoto mtumbwi mwembamba siku ya kwanza ya kuvua. Mwembamba una mbio, unakata maji kama kisu, lakini ukikohoa tu umepinduka. Mtoto hupewa mpana, unaosamehe. Parachuti nazo ziko hivyo hivyo.

Zile za mviringo tulizozoea kuziona kwa askari wa miavuli zinashuka tu, zikibebwa na upepo. Parachuti za mchezo siku hizi ni za mstatili: kitambaa cha tabaka mbili kilichogawanywa vyumba, upepo ukiingia kwa mbele kinajaa na kuwa bawa. Bawa linaruka. Na kadiri lilivyo dogo kwa uzito uliolibebesha, ndivyo linavyokimbia, ndivyo linavyoshuka haraka likikata kona, na ndivyo kosa dogo la mkono linavyokuwa kubwa.

Kipimo chake ni rahisi, na unaweza kukipiga kwa kalamu. Chukua uzito wako, ongeza kilo 12 hivi za vifaa, zidisha kwa 2.2 upate paundi, kisha gawanya kwa futi za mraba za parachuti. Kijana wa kilo 65 anafika kilo 77, yaani paundi 170 hivi. Kwenye parachuti ya futi 210 anapata 0.8. Kwenye ya futi 170 anapata 1.0 kamili. Kwenye ya futi 135 anapata karibu 1.3. Mwanafunzi akae chini ya 1.0, na hata baada ya leseni ya kwanza asiharakishe kuivuka. Ukiona kijana wa miruko 40 anajisifu kwa 1.3, usimwonee wivu. Mwombee.

Sasa ndugu yangu mwenye kilo 90, hesabu hii inakuhusu kuliko wote. Parachuti inayomtosha rafiki yako wa kilo 60 haikutoshi wewe, hata kama mmefundishwa siku moja na mkufunzi mmoja.

3. Parachuti iliyofunguka vizuri nayo huua

Hili watu hawalitarajii. Wengi wanadhani hatari yote ni parachuti kugoma kufunguka. Kumbe warukaji wengi wamekufa au kuvunjika miguu chini ya parachuti nzima isiyo na tundu hata moja, kwa sababu walikata kona kali karibu na ardhi wakiwa na bawa dogo kuliko ujuzi wao.

Basi kabla ya kushuka kutoka futi 210 kwenda 190, jiulize maswali haya ukiwa bado na ile 210. Naweza kugeuka bila kupoteza kimo kingi? Naweza kutua upepo ukinijia kwa ubavu? Naweza kutua nikiwa nimevuta breki nusu? Nimetua mara kumi mfululizo pale nilipopanga? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, futi 210 bado ina mengi ya kukufundisha. Na ukishuka, shuka ngazi moja. Anayetoka 210 kwenda 150 kwa sababu ameipata kwa bei nzuri amenunua jeraha.

4. Inayotosha Diani inaweza kukimbia Mbinga

Ukubwa wa parachuti hausomwi peke yake, unasomwa pamoja na mahali. Diani iko usawa wa bahari. Ufukwe wetu wa Nyasa uko mita 470 na kitu juu ya bahari. Mji wa Mbinga, huko milimani kwa Wamatengo, uko zaidi ya mita 1,000. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na bawa lilelile, kwa uzito uleule, hulazimika kwenda mbio zaidi ili likubebe. Kwa mita 1,000 ni kama asilimia 5 ya ziada, na jua la mchana huongeza tena. Asilimia 5 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa miguu inayogusa ardhi yenye mawe, si ndogo. Ukitarajia siku moja kutua nyanda za juu, chagua parachuti kubwa kidogo kuliko ile uliyozoea pwani.

Halafu upepo. Mwera ukivuma toka kusini, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, hata wavuvi wazoefu huvuta mitumbwi nchi kavu. Ukiwaona wameivuta, nawe acha begi lako la parachuti lilivyo. Kikomo cha upepo wa chini kwa mwanafunzi wa parachuti ya mstatili, kwa kanuni za Wamarekani niliowataja, ni kilomita 22 hivi kwa saa. Na milima iliyosimama nyuma ya ufukwe huuvunja upepo ukawa wa vishindo visivyoonekana kwa macho.

5. Usiipunje parachuti ya akiba

Watu hutazama parachuti kuu, rangi yake na jina la kiwanda, wakaisahau ile ya pili. Siku ya akiba ndiyo siku mbaya: umechelewa, umechoka, pengine umeumia na huwezi kuvuta breki. Siku hiyo unahitaji bawa pana. Kwa anayeanza, akiba isiwe ndogo kuliko kuu.

Pamoja nayo, usiruke bila kifaa kinachofungua akiba chenyewe. Maarufu ni Cypres, kilichoingia sokoni mwaka 1991 kutoka Ujerumani. Mrukaji akifika mita 225 hivi juu ya ardhi bado anaporomoka kwa kasi, chenyewe hukata kamba ya kufungia na akiba inatoka. Kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa, mita 225 ni sekunde nne. Ni kifaa cha bei, lakini kama fedha inatosha kimoja tu, kifaa hiki au kamera, hapo hakuna mjadala.

6. Mtumba haukatazwi

Seti mpya kamili hupita dola 6,000, na ni wachache kati yetu wenye hizo. Mtumba mzuri upo. Ila usilipe mpaka fundi wa parachuti mwenye leseni ameufungua wote mezani: kitambaa, kamba, mishono, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho ya kukunjwa akiba. Jua huila nailoni kimyakimya, kwa hiyo muulize muuzaji ilikuwa inakaa wapi. Ikiwa imewahi kuanguka baharini bila kusuuzwa kwa maji baridi, chumvi imebaki kwenye kamba ikizisaga. Ziwa letu lina heri hapo, maji yake hayana chumvi. Ikiangukia humo, unaianika kivulini na kumpelekea fundi aikague.

7. Karibu na maji, boya ni nguo

Ukiruka karibu na bahari au ziwa, vaa boya la kujazwa hewa, na boti iwe inasubiri, injini ikiwaka. Kuna kosa moja linaloua hata hodari: maji yakitulia kama kioo, jicho haliwezi kukadiria kimo. Mtu hudhani amebakiza mita mbili, akajifungua mikanda, kumbe ni ishirini. Subiri miguu ilowe kwanza. Na rangi ya kitambaa chagua chungwa au njano, uonekane kwa aliye kwenye mtumbwi. Buluu ni nzuri, lakini juu ya Nyasa nani atakuona?

8. Kamera ni mpaka miruko 200

Najua hapa ndipo ulipokuwa unapasubiri. Chama kilekile cha Marekani kinashauri mtu asibebe kamera kabla ya leseni C na miruko 200, na mimi nakubaliana nacho kabisa. Kamera ndogo kama GoPro ina uzito wa gramu 150 hivi, si uzito unaotishia. Tatizo ni akili. Ukivaa kamera unaanza kuwaza picha, na kila sekunde unayowaza picha huwazi kimo.

Mwaka 1988, jimbo la North Carolina, mpigapicha mwenye miruko zaidi ya 800 alitoka ndegeni akirekodi mafunzo ya wenzake. Alikuwa amebeba kamera na mitambo yake. Parachuti hakuwa amevaa. Alikuja kutambua angani. Nakuomba usiisome habari hiyo haraka haraka. Mtu wa miruko 800.

Kwa sasa basi, mpe rafiki simu asimame ufukweni arekodi kutua kwako, kuanzia mita 100 mpaka umesimama. Video hiyo haina mawingu wala muziki, lakini ukiikalia na mkufunzi jioni, itakuonyesha mkono uliochelewa na goti lililonyooka. Hakuna video nyingine itakayokufundisha kiasi hicho.

9. Ukifika 200, chagua kamera isiyonasa

Kila mvuvi wa kimia anajua kwa nini wazee walivua shati kabla ya kurusha: kifungo kimoja kikinasa uzi, kimia hakifunguki, na kinaweza kuondoka na mwenyewe. Kamera kichwani ni kifungo hicho, na kamba za parachuti ndizo nyuzi. Chukua kamba nyembamba, ipitishe juu ya helmeti yako kutoka kila upande ukiivuta taratibu. Ikikwama popote, funika pengo hilo au badilisha kishikio. Helmeti ya bodaboda isitumike. Tafuta ya kurukia, yenye kifungo cha kuiachia kwa mkono mmoja, ili kamba ikinasa uitupe helmeti na kamera yake. Ziwa Nyasa lina kina kinachokaribia mita 700, hutaiona tena. Iache iende.

Anza na moja ndogo. Kamera kubwa ya kilo nzima inahitaji shingo iliyozoea na parachuti inayofunguka polepole, maana mshtuko wa kufunguka huizidisha kilo hiyo mara kadhaa. Kumbuka pia baridi: kila kilomita moja kwenda juu hupunguza nyuzi 6 hivi, kwa hiyo ufukweni kukiwa 28, kwenye mita 4,000 umekaribia sifuri. Betri hulegea huko. Ukishuka kwenye hewa yenye unyevu, kioo kinafunga ukungu. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, tia kimoja ndani ya kasha la kamera.

Ukitaka kurekodi kwa droni kutoka ardhini, hiyo nayo ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kiombe mapema.

10. Kitu cha kwanza kununua

Vijana huniuliza waanze na nini wakiwa na fedha kidogo. Jibu langu halijabadilika: altimita ya mkononi, yaani kipima kimo. Itakutumikia kwa mruko wa 5 na wa 500, juu ya Diani au juu ya Nyasa, kwa parachuti ya kukodi au yako mwenyewe. Parachuti kodi kituoni mpaka ujue ukubwa wako, na kamera iache dukani. Nunua altimita, mdogo wangu, na ujizoeze kuitazama.