Vietinamu, Mitumba, Caguwa: Majina ya Nguo Kuukuu Yanasema Nini?

Kwetu Uvira, nguo iliyovaliwa Ulaya au Marekani kabla ya kutufikia huitwa Vietinamu. Mama yangu anaiuza sokoni Mulongwe tangu sijaanza shule, na pesa ya masomo yangu imetoka humo. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa kushona suruali. Leo kazi yake ni kupunguza mikono na kubadilisha zipu za Vietinamu. Kwa hiyo swali la kama nguo wanazotoa matajiri zinasaidia au zinadhuru nchi maskini ni mjadala wa nyumbani kwetu. Hapa nalitazama kwa njia ya somo letu, yaani kupitia majina.

Majina hayo yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. La kwanza linataja kifungashio: mitumba ya Tanzania na Kenya. Mtumba ni furushi lililofungwa. Maana imehama kutoka kifungashio hadi kilichomo. La pili linataja kitendo cha mnunuzi: salaula ya Zambia, neno la Kibemba la kupekua rundo, na caguwa ya Rwanda, ambayo ni "chagua" ya Kiswahili. La tatu linataja chanzo, cha kweli au cha kudhaniwa: Vietinamu yetu yenye jina la vita, kafa ulaya ya Tanzania, na calamidade ya Msumbiji, yaani maafa.

Tukiyapanga hivyo, jambo moja linaonekana: hakuna jina lililobeba kitenzi "kutoa" wala nomino "msaada". Sababu imo katika safari yenyewe. Sehemu kubwa ya nguo zinazotolewa kwa mashirika ya hisani huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara, huchambuliwa, hufungwa na kusafirishwa. Mama hununua balo bila kulifungua. Akikuta nguo zilizochanika, hasara ni yake.

Ikiwa ni biashara, tuihukumu kama biashara. Garth Frazer, katika utafiti wa 2008, alikadiria kwamba uingizaji wa nguo kuukuu unaeleza takriban asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji wa nguo Afrika na asilimia 50 ya kushuka kwa ajira katika sekta hiyo, kati ya 1981 na 2000. Mjomba angekubali. Lakini huku kwetu tusiisingizie Vietinamu kila kitu. Uwanda wa Ruzizi ulilima pamba, na Kalemie ilikuwa na kiwanda cha Filtisaf. Utaifishaji wa 1973 na vita vilivyoanza 1996 vilivuruga uchumi huo pia.

Kuzuia nako si rahisi. Rwanda ilipandisha ushuru mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikiipa Rwanda kwa nguo zake chini ya sheria ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimekwisha kulegeza msimamo. Kama ingekuwa zawadi, nani angemwadhibu anayeikataa?

Ushahidi wa mwisho niliupata Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba nyingi. Majirani waliopoteza kila kitu walipewa nguo bila kulipa. Zilikuwa mashati yaleyale, yenye lebo zilezile, lakini hakuna aliyeziita Vietinamu. Ziliitwa "nguo za msaada". Baada ya wiki kadhaa, baadhi zilionekana sokoni zikiuzwa, na hapo zikawa Vietinamu.

Basi wasemaji wa Uvira wanatenganisha kile ambacho mjadala unachanganya. Kwa mhanga wa mafuriko, nguo iliyotolewa inasaidia. Kwa nguo za sokoni, swali ni la ushuru, la bei ya balo, na la kama mjomba atapata kitambaa cha kushonea kwa bei itakayomwezesha kushindana. Wenzangu wa Bukavu, Kalemie na Bujumbura, kusanyeni majina ya kwenu, na mwandike pia ni lini nguo ileile hubadilishwa jina.