Anayeanza Ski Asilipie Mlima Mzima

Mtu anayejifunza ski kwa mara ya kwanza hupoteza fedha nyingi kwenye tiketi ya lifti. Tiketi kamili ya Les Trois Vallées, Ufaransa, hulipia njia za kilometa zipatazo 600, ilhali mwanafunzi hushinda siku zake za mwanzo kwenye mteremko mmoja mfupi, akijifunza kusimama. Val d'Isère huacha lifti chache za wanafunzi bila malipo. Vituo vingine huuza tiketi ya wanafunzi tu, nayo inatosha.

Viatu, ski na fimbo ni vya kukodi. Kuvinunua wiki ya kwanza ni kufungia mtaji kwenye bidhaa ambayo haijajulikana kama itatoka.

Bei hufuata msimu. Krismasi na likizo za shule za Februari soko huwaka. Katikati ya Januari vyumba vilevile hushuka bei. Bansko, Bulgaria, kwa kawaida ni nafuu kuliko Alps.

Pasipofaa kubana ni pawili: mwalimu, hata wa kundi, na bima inayotaja ski waziwazi. Kuteremshwa mlimani kwa helikopta, mguu umevunjika, huweza kugharimu kuliko safari nzima.