Somo: Begi la Mkononi la Kijana Wetu



Hapa Makadara, na kule vijijini pia, chama na jamaa huchanga ili kijana aende kazini Uarabuni. Twazungumza nauli, twazungumza mkataba. Begi hatulizungumzi mpaka jioni ya kuondoka, na hapo kila jirani aja na kifurushi chake. Tujifunze kulipanga mapema, maana begi laweza kuharibu safari yote.

Sanduku kubwa hukabidhiwa kaunta, likawekwa kwenye tumbo la ndege. Begi la mkononi msafiri huingia nalo ndani. Mashirika mengi huruhusu kilo 7, someni tiketi.

1. Vya kuwa navyo mkononi

Paspoti, viza, mkataba, fedha na dawa anazotumia kila siku. Sanduku likipotelea njiani, hivi havipotei. Nambari za simu aziandike kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima. Pawabenki ya kuchajia simu nayo iwe mkononi. Hairuhusiwi sandukuni, kwani ikishika moto huko hakuna wa kuuzima upesi.

2. Vya kuweka sandukuni

Visu, mikasi, wembe. Pia vitu vya majimaji na vilaini: achari, samli, asali, mafuta ya nazi, losheni. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa baruti ya majimaji iliyofichwa katika chupa za soda. Ndipo nchi nyingi zikaweka sheria: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vienee katika mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha ndani. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo. Chupa ya mililita 500 yenye achari kidogo chini itachukuliwa vilevile. Maziwa ya mtoto na dawa za mgonjwa huruhusiwa, ila aonyeshwe mkaguzi. Viwanja vingine vimelegeza, lakini anayebadilisha ndege aweza kukaguliwa tena njiani. Afuate sheria iliyo kali.

3. Vya kuacha nyumbani

Miraa, hata kishada kimoja. Huko Uarabuni huhesabiwa dawa ya kulevya. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zahitaji kibali Falme za Kiarabu, hata kama daktari wa hapa ndiye aliyeziandika. Dawa yoyote ibaki kwenye pakiti yake, pamoja na barua ya daktari.

4. Kifurushi cha jirani

Hapa ndipo penye hatari kubwa. "Mwanangu, mpelekee dadako hiki kikopo." Kijana ataona haya kumkatalia mtu mzima. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeutoa huuona mwepesi. Lakini uwanjani msafiri huulizwa, "Begi hili umelipanga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu?" Kikipatikana kibaya, mwenye begi ndiye hukamatwa, na kusema "sikujua" kwaweza kusimsaidie. Saudi Arabia, kuingiza dawa za kulevya kwaweza kuleta hukumu ya kifo.

Basi lawama ya kukataa tusimwachie kijana. Kikundi kiibebe. Wekeni kanuni kwamba kitu cha mtu hakipokewi bila kufunguliwa mbele ya wazee, na msafiri akifunge kwa mkono wake. Cha mtu asiyejulikana, au cha wakala, kisipokewe kabisa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, nani atakaa na msafiri kulipanga begi, na siku ngapi kabla ya safari?
2. Tutamjibuje mzee anayeleta kifurushi kilichoshonwa, bila kumvunjia heshima?
3. Nakala za paspoti na mkataba wa kijana zitabaki kwa nani?

Kazi ya kikundi: andikeni kanuni ya vifurushi katika kitabu cha mikutano, isomwe kwa sauti kabla ya kuchanga nauli ya mtu mwingine.